Kipande cha Sakafu Kisicho na Waya

Mmeniomba niandike, nyinyi mnaobaki na kazi, na mimi si mtu wa kuandika. Shule niliishia darasa la nne, Tanga, kwa mwalimu aliyelipenda shamba lake kuliko sisi. Kwa hiyo msitafute maneno mazuri humu. Nani alipanda cheo na nani alilipwa nini, waulizeni wenyewe. Mimi nitasema kazi. Magoti yangu yalistaafu miaka miwili kabla yangu, lakini kichwa bado kiko, na kuna jambo moja kichwani humu ambalo sitaki nife nalo.

Kazi yetu ni kuweka joto chini ya sakafu. Ndugu zangu wa pwani nilikuwa nikiwaambia wanacheka, mpaka wapitishe Julai moja Johannesburg. Nyumba za huku zimejengwa kana kwamba baridi ni uvumi. Madirisha yanapitisha upepo, dari tupu, na chini marumaru. Ukikanyaga alfajiri kwenda kutia udhu, baridi inakupanda mpaka kwenye meno.

Nilianza na ndoo na sponji. Mume wangu alikuwa na meza ya biashara Marshalltown, akafariki, meza ikachukuliwa na wenye nguvu. Mimi nikapata kibarua cha kufuta marumaru mafundi wakishamaliza, nyumba moja ya Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Fundi mkuu alikuwa Papa Ilunga, mtu wa Lubumbashi, mrefu, mkimya, haonyeshi meno bure. Siku ya tatu nikamwambia sakafu yake inaangukia dirishani.

"Weye unajua nini, Mama Tanzanie?"

"Sijui kitu. Maji ya ndoo yangu ndiyo yanayojua. Yote yanakwenda kule."

Akaenda kuchukua pima maji, akailaza, akaitazama muda mrefu kama mtu anayesoma barua mbaya. Kisha akawaamuru vijana wake wavunje. Mimi akaniambia, "Kesho kuja na nguo ya kazi. Ile ndoo, acha." Hayo ndiyo mahojiano yangu ya kazi. Cheti sina mpaka leo. Umeme wenyewe aliunganisha fundi umeme mwenye leseni, na nyinyi fanyeni hivyo hivyo. Sisi ni watu wa sakafu.

Siku niliyoshika waya wa joto kwa mara ya kwanza, Papa aliniwekea mkononi akanifumba vidole. "Hii kamba haikatwe. Hata kidogo. Ukifika ukutani na imebaki, unarudi unapanga upya. Ukikata, ni kufa." Pia usipitishe waya juu ya waya. Na pima mara tatu kwa mita ya umeme: ukiutoa kwenye boksi, ukishautandika, na marumaru yakishalala. Namba tatu hizo lazima zifanane. Kiingereza cha kwenye maboksi sikukijua, lakini namba ni namba. Niliziandika kwenye plasta nyeupe nikazibandika ndani ya mlango wa kabati la umeme. Ukikuta plasta hiyo mahali popote Bezuidenhout Valley au Troyeville, ujue nimepita.

Mara moja sikupima mara ya tatu. Nilikuwa nimechoka na mwenye nyumba alikuwa anahesabu saa. Kumbe ncha ya mwiko wangu ilikuwa imeuchubua waya. Swichi ikawashwa, ikajizima yenyewe. Ikawashwa, ikajizima. Papa hakunigombeza. Alinipa nyundo na patasi akakaa juu ya ndoo, akanitazama navunja marumaru tisa, moja moja, mpaka nilipoliona jeraha. Ndipo akasema, "Njo vile, mama. Sasa umejua." Tangu hapo nimepima hata pale nilipokuwa na homa.

Watu walikuwa wakinipigia simu na kuuliza, "Mama, mfumo upi ni mzuri?" Hakuna mzuri. Kuna nyumba, na kuna watu waliomo. Nyumba ndiyo kwanza inajengwa na mwenyewe ana subira, mwekee mabomba ya maji ya moto ndani ya zege, na pampu nje. Sakafu inamwagwa upya, mwekee waya ndani ya saruji nene: inapata joto polepole, lakini hata mgao wa umeme ukija, sakafu inabaki na uvuguvugu. Nyumba kuukuu, milango inakwangua chini, mwekee mkeka mwembamba wa waya juu ya saruji iliyopo, marumaru juu yake. Huo unapata joto upesi. Chini ya vyote weka bodi za kuzuia joto, la sivyo unaipasha ardhi ya Johannesburg, na ardhi hii haishukuru.

Halafu kuna kile kijiti cha kupima joto, kinachokaa ndani ya kibomba kwenye sakafu na kuiambia themostati ukutani iwashe au izime. Papa alikuwa mkali juu ya kijiti kuliko kitu chochote. "Hii njo jicho. Ukiweka jicho fasi mubaya, nyumba ni kipofu." Na swali lake la kwanza kwa kila mteja lilikuwa: kitu gani kitalala juu ya sakafu hii bila miguu? Kabati, droo, kitanda cha boksi. Mahali hapo hatupitishi waya, kwa sababu joto lisipopata njia ya kutoka linajilimbikiza. Kifua kilipomzidi akarudi kwao Lubumbashi, akaniachia mita yake. Ninayo. Mlango wa betri umefungwa kwa uzi.

Sasa niseme lile nililokaa kuandika.

Troyeville kulikuwa na Mzee Bakari na mkewe Bi Mwanaisha, watu wa Tanga kama mimi. Bi Mwanaisha alikuwa shoga yangu. Ndiye aliyenikaribisha mji huu na kunifundisha kuvuka kwenye robot, taa za barabarani za huku, bila kugongwa. Alikuwa na sukari ya miaka mingi, na miguu yake ilikuwa baridi kama ya maiti, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema hivyo. Binti yao Zuhura, aliyezaliwa hapa hapa, alitaka sebule ya nyuma iwekwe joto kwa ajili ya mama yake.

Nikamweleza Zuhura mifumo kama nilivyowaeleza nyinyi. Nikamwambia kama ni juu yangu, ningevunja sakafu ile nimwage saruji nene, waya ndani, joto la taratibu lisilo na papara.

"Hiyo siku ngapi, Anti?"

"Mwezi na zaidi. Saruji ikauke yenyewe, usiiharakishe kwa moto."

"Eish, mwezi! Mama atakaa wapi? Tufanye hiyo nyembamba. Sharp."

Mzee Bakari alikuwa kochini na kikombe chake. "Miaka arobaini nalikimbia joto la Tanga," akasema, "leo mnalileta kunitandikia chini ya makalio."

"Wewe unga mkono, usiseme," Bi Mwanaisha akamjibu. "Makalio yako ndiyo ya kwanza yatakayokwenda kukaa pale."

Nikauliza swali la Papa: kitu gani kitalala hapa bila miguu? Zuhura akatazama huku na huku. Makochi yana miguu. Meza ina miguu. Kabati la vyombo liko jikoni. Hakuna kitu. Basi nikatandika waya sebule nzima, pembe hadi pembe, na kazi ilinipendeza. Kijiti nilikiweka karibu na mlango wa uani, kwa sababu boksi la umeme lilikuwa ukuta ule, na sikutaka kuchimba mfereji mpya kwenye ukuta wa matofali ya zamani. Huo ulikuwa uvivu. Niliuita akili. Mlango ule ulikuwa unapitisha upepo chini, mimi niliuona, nikasema watatia kitambaa.

Karatasi ya maelekezo nikampa Zuhura, maana yeye ndiye mwenye Kiingereza. Tukaondoka. Mwaka mmoja na nusu Bi Mwanaisha alikuwa akinipigia simu akinisifu mpaka naona haya.

Mzee Bakari alifariki Julai, asubuhi, akiwa anavaa koti. Nilipofika, sikwenda kama fundi. Nilikwenda kama mtu aliyefiwa. Mnajua nyumba ya msiba ya kwetu inavyokuwa. Makochi yalitolewa uani yakafunikwa turubai. Magodoro yakaletwa kutoka vyumbani na kwa majirani, mikeka ikatandikwa, wanawake wakakaa chini ukuta hadi ukuta. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nilibeba godoro la sufi la Bi Mwanaisha nikalitandika kwenye pembe ya mbali, pasipo na upepo. Nikamkalisha. Miguu yake ikatokeza nje ya godoro, juu ya mkeka.

"Miguu inaniganda, shoga," akasema. "Ipo kweli?"

Nikaifunika blanketi moja, nikaona haitoshi, nikaongeza la pili, nikaingiza ncha zake chini pande zote kama mtu anayemfunga mtoto. Wanawake waliokaa karibu na mlango walikuwa wanatetemeka, kila anayeingia anaacha wazi. Nikamwita Zuhura.

"Mwanangu, ongeza joto. Watu wanakufa na baridi huku."

Akaenda ukutani akaongeza.

Godoro, mkeka, blanketi mbili, na jicho langu liko mlangoni linatazama baridi. Kila mlango ukifunguliwa linaiambia themostati, washa. Na kule pembeni joto halina pa kutokea. Angekuwa mteja yeyote, ningemuuliza swali lile na ningemkataza. Nilikaa siku tatu mita mbili kutoka kwake, nikisoma na kulia na kula wali wa msiba, na halikunijia hata mara moja.

Siku ya tatu, baada ya hitma, tukaanza kukunja magodoro. Nikaondoa mablanketi, nikamvua soksi alizokaa nazo tangu siku ya kwanza. Visigino vyake vyote viwili vilikuwa vimefura malengelenge, la kushoto limepasuka, nyama ya chini imegeuka rangi. Yeye alikuwa ananitazama usoni.

"Mbona mnaniangalia hivyo?" akauliza.

Hakusikia kitu. Siku tatu miguu yake inaungua na hakusikia kitu. Mkeka pale ulikuwa umeiva, ukili umekuwa kahawia kama chai. Nikagusa sakafu kwa kiganja, nikashindwa kukiacha.

Nitasema nilichofanya. Wenzangu walipokuwa wanamtafutia gari la hospitali, nilikunja ule mkeka nikauweka chini ya kanga zangu, nikazima swichi, nikaondoka nao. Hakuna aliyeniona, au nilidhani hivyo. Daktari akasema ni sukari. Majirani wakasema ni sukari, na majonzi, na kukaa sana. Mimi nikasema ni sukari. Mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti.

Alipomaliza eda nilikwenda kwake peke yangu. Nilikuwa nimepanga maneno tangu kwenye teksi. Alinitangulia.

"Mkeka wangu uko wapi?"

Nikajua alijua. Nikamwambia ninao. Nikamwambia yote, kijiti, mlango, blanketi, godoro lililobebwa na nani. Alikuwa amekaa kitini, mguu mmoja chini, akipekua shanga za tasbihi bila kuzihesabu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi huo mkeka uchome. Na Zuhura asijue. Yeye ndiye aliyeitaka sakafu hii, yeye ndiye aliyeongeza moto. Akijua atajila mpaka aishe, na mimi sina mwingine."

"Lakini kosa ni langu."

"La kwako libebe mwenyewe. Mimi nina la kwangu la kubeba," akasema, akaupiga ule mguu uliobaki nusu. Sikupata msamaha siku ile, na sikuomba. Aliniagiza nikapike chai.

Nilirudi wiki iliyofuata na vifaa. Nilivunja marumaru sita, nikachimba ule mfereji niliouonea uvivu, nikahamishia jicho katikati ya sebule. Nikamwambia Zuhura ni marekebisho ya kawaida. Hakuuliza hata swali moja, yeye ambaye huuliza mpaka bei ya msumari. Nikashukuru. Mpumbavu hushukuru mengi.

Miaka ikaenda. Kila Alhamisi nilikwenda kumkanda mgongo na kusikia habari za Tanga alizoletewa kwa simu. Kazini niliongeza swali moja, nitalisema. Majira ya baridi yaliyopita Bi Mwanaisha naye akaondoka, usingizini. Nilipigiwa simu na jirani. Nilipofika, magodoro yalikuwa yameanza kutandikwa. Sikumsalimu mtu. Nilikwenda kwenye kabati la umeme, nikaona plasta yangu na namba zangu tatu, nikaizima swichi ya sakafu. Ndipo nikaingia nikalia.

Kufika adhuhuri watu walikuwa wanasugua viganja. Zuhura akanijia, macho mekundu.

"Anti, sakafu imezimika. Watu wanaganda."

"Nimeizima mimi. Waache wagande."

"Kwa nini?"

Nilitazama ile pembe. Mama yake hayupo wa kunikataza. Nikamshika mkono tukatoka uani, tukakaa kwenye makochi yaliyofunikwa turubai, nikamwambia. Kijiti, mlango, blanketi. Mkeka niliouiba. Nikamwambia mama yake alijua na alinifunga mdomo kwa ajili yake. Nilingoja anipige au anifukuze. Akalinyoosha turubai kwa kiganja.

"Ile karatasi," akasema mwishowe. "Ya maelekezo. Ina picha ya godoro, imepigwa mstari mwekundu. Mimi niliiona siku uliyonipa, nikasema nani ataweka godoro sebuleni, nikaitia kwenye droo. Nikaikumbuka hospitali."

"Zuhura."

"Nilikuona ukibeba mkeka, Anti. Ulipokuja kuvunja marumaru nilijua unajua. Nikafikiri unanifichia kosa langu kwa mama. Nikakaa kimya ili usimwambie kwamba niliisoma."

Tulikuwa watatu ndani ya nyumba ile, kila Alhamisi, kila mmoja akimlinda mwenzake na jambo ambalo wote tulikuwa nalo. Tungelisema siku ya kwanza, mguu usingerudi. Lakini tungekunywa chai kama watu. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia aingie ndani, wageni wanamtafuta.

Matanga yalipoisha aliniuliza kama naweza kuutoa waya wa ile pembe tu, mwingine ubaki. Nikamjibu alivyoniambia Papa: haikatwe, hata kidogo. Ama uvunje sakafu yote, ama uache. Ameacha. Swichi haijawashwa tena, na nyumba ile sasa ni baridi kuliko kabla sijaigusa. Hiyo nayo iandikeni kwenye kazi zangu.

Baada ya hapo niliweka vifaa chini. Mita ya Papa itachukuliwa na yule kati yenu atakayepima mara tatu bila kuambiwa. Bado simjui ni nani.

Na swali nililoongeza ni hili. Ukiingia nyumba ya watu wetu, Mtanzania, Mkongo, Mrundi, usiishie kwenye kabati na kitanda. Muulize mwenye nyumba: siku ikifika mtu amekufa humu, mfiwa atakaa wapi? Wengi watakunja uso. Mimi wawili walinifukuza, mmoja akiniita mchawi mbele ya mafundi wangu. Uliza hivyo hivyo, tena simama umngojee. Mwisho wake kuna mtu mzima ndani ya nyumba, mara nyingi mwanamke, atanyoosha kidole bila kusema na kukuonyesha pembe. Chukua chaki, chora upana wa godoro na urefu wa miguu, na waya uzungushe nje ya mstari. Kila nyumba yetu niliyotandika tangu Julai ile ina kipande kimoja cha sakafu kilicho baridi. Watoto hukikanyaga wakaruka, wakauliza kwa nini fundi hakumaliza kazi. Waambieni fundi alimaliza.